Maswali ya Wasomaji: Je, Ganda la .30-06 Linaweza Kugeuzwa Kuwa la 8x57?

Barua za mwezi huu kuhusu bunduki za uwindaji zimetoka Moshi na Arusha, na karibu zote zinahusu maganda ya risasi. Tunaanza na ile iliyohitaji jibu refu kuliko nyingine. Ili tuelewane, katika safu hii neno risasi linamaanisha risasi nzima jinsi inavyotoka kwenye boksi. Kile kinachoruka tutakiita kichwa, na chombo cha shaba kinachobaki baada ya kufyatua tutakiita ganda.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mstaafu, mkazi wa Machame. Marehemu baba yangu aliachiwa bunduki ya Mauser na mwenye shamba la kahawa aliyemfanyia kazi kwa miaka mingi, na baada ya taratibu za mirathi na za Polisi kukamilika, sasa ninaimiliki kihalali. Karatasi zake zinaeleza kwamba kipimo chake ni 8x57. Shida yangu ni kwamba risasi za kipimo hicho sizipati kwa urahisi Moshi wala Arusha, ilhali za .30-06 nimeziona mara kadhaa. Kijana wangu aliyeko ng'ambo ananiambia kwamba huko watu huchukua ganda la .30-06, wakalikata na kulifinya hadi likawa la 8x57, kisha wakalijaza upya. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kuna ubaya gani nikimpata fundi wa hapa akanifanyia?

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Aliyokueleza kijana ni kweli tupu. Tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili, askari wa Kimarekani waliporudi makwao na bunduki za Mauser huku maganda ya .30-06 yakiwa yamezagaa kila mahali, kazi hiyo imekuwa ya kawaida kwa wanaojaza risasi zao wenyewe. Sababu ya kuwezekana kwake iko kwenye kitako. Ganda la 8x57, ambalo watu wengi hulihusisha na Mauser ingawa lilibuniwa na tume ya bunduki ya jeshi la Ujerumani mwaka 1888, lina kitako cha kipenyo cha karibu milimita 12, na ganda la .30-06, lililopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, lina kitako cha kipenyo hichohicho. Kitako ndicho sehemu nene na ngumu ya ganda, ndicho kinachoshikwa na ndoano ya komeo (kipande kinachofunga bunduki nyuma ya risasi), na ndicho ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu anayejaribu kukibadilisha umbo. Yaliyo juu yake, yaani kiwiliwili, bega na shingo, ni ukuta mwembamba wa shaba unaokubali kusukumwa, kubanwa na kutanuliwa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: maganda hukopeshana umbo yakiwa na kitako kimoja, na ganda refu humzaa fupi, kamwe si kinyume chake.

Ganda la .30-06 lina urefu wa milimita 63.3 na la 8x57, kama jina lenyewe linavyosema, lina urefu wa milimita 57. Anayefanya kazi hiyo hukata sehemu kubwa ya shingo, akalipaka ganda mafuta maalumu kwa kiasi kidogo, kisha akalisukuma kwa presi ya mkono ndani ya kalibu ya chuma yenye umbo la 8x57. Mafuta yakizidi, hunaswa kati ya shaba na chuma na kuacha bonde begani. Yakipungua, ganda hukwama ndani ya kalibu na kitako kung'oka. Ganda likishatoka hupunguzwa tena urefu, kingo za mdomo husafishwa ndani na nje, na vipimo hukaguliwa kwa venia (kifaa cha kupimia tofauti ndogo). Ukiitazama kazi hiyo mezani kwa mtu mwenye uzoefu, utadhani ni jambo la dakika chache tu.

Matatizo yenyewe, Mzee wetu, huanza pale ambapo jicho haliwezi kuona. Bega la .30-06 huanza karibu milimita 49 na nusu kutoka kitakoni, na la 8x57 huanza karibu milimita 46. Maana yake ni kwamba bega la zamani linapofinywa, hugeuka kuwa sehemu ya chini ya shingo mpya. Ukuta wa ganda hauna unene mmoja. Huwa mnene karibu na kitako na hupungua kadiri unavyopanda kuelekea mdomoni. Shingo iliyotengenezwa kutokana na shaba iliyokuwa chini zaidi huwa nene kuliko shingo ya kiwandani. Risasi inapofyatuliwa, shingo inatakiwa itanuke kidogo ndani ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa) ili ikiachie kichwa. Ikiwa ni nene kiasi cha kuibana chemba, haina pa kutanukia, kichwa hushikiliwa kwa muda mfupi usiostahili, na shinikizo la gesi hupanda ghafla nyuma yake. Ndiyo maana wenye kazi hiyo hupima unene wa shingo pande zote na kuukereza kwa kifaa maalumu, na ndiyo maana wasiopima huumia wasijue sababu.

Kuna pia ugumu wa shaba yenyewe. Ganda hutengenezwa kwa mchanganyiko wa asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki, mchanganyiko uliochaguliwa kwa sababu hunyumbulika vizuri unapovutwa ukiwa baridi. Lakini kila unapoubana au kuutanua, hukakamaa, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukakatika. Ganda lililofinywa begani na shingoni lina mkakamao mwingi, na likifyatuliwa hivyohivyo linaweza kupasuka shingo mara ya kwanza au ya pili. Dawa yake ni kulilegeza kwa moto: shingo na bega hupashwa joto kwa muda mfupi sana hadi shaba ilegee, huku kitako kikilindwa kisipate joto hata kidogo. Kitako kilicholegezwa ni hatari isiyo na mjadala, kwa sababu ndicho peke yake kinachosimama kati ya gesi yenye shinikizo la maelfu ya kilo kwa kila sentimita ya mraba na uso wa mpigaji. Mtu anayepasha ganda zima kwenye jiko la mkaa hadi likawa jekundu, akidhani anafanya kazi nzuri zaidi, amelifanya lisifae tena kwa bunduki yoyote.

Halafu kuna ujazo wa ndani. Maganda mawili yenye umbo moja kwa nje yanaweza kutofautiana kwa ndani, hasa la jeshi ambalo mara nyingi huwa na ukuta mnene. Ganda lenye nafasi ndogo likiwekewa kiasi kilekile cha baruti hutoa shinikizo kubwa zaidi. Majedwali ya viwandani yaliandikwa kwa maganda ya viwandani. Hayakuandikwa kwa ganda la .30-06 lililofinywa. Sitataja viwango vya baruti katika safu hii na ninawasihi wasomaji wasivitafute kwa jirani.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi kuhusu bunduki yako, nalo halihusu ganda kabisa. Bunduki za Kijerumani si ajabu upande huu wa Kilimanjaro na Meru, ambao ulikuwa chini ya Wajerumani hadi mwaka 1916, na baadhi zimekuwa zikirithiwa tangu enzi hizo. Risasi ya 8x57 ilianza na kichwa chenye kipenyo cha takriban milimita 8.08. Kati ya mwaka 1903 na 1905 jeshi la Ujerumani lilihamia kichwa chenye ncha, chepesi zaidi na kinene zaidi, cha takriban milimita 8.20, na mitutu ikatengenezwa upya kukifuata. Viwanda vya bunduki za uwindaji, hata hivyo, viliendelea kwa miaka mingi kutoa mitutu ya kipimo cha zamani. Ganda ni lilelile, na risasi ya aina ya pili inaweza kuingia kwenye chemba ya aina ya kwanza bila kulalamika. Tofauti ya kama milimita 0.12 inakuja kuonekana mtutuni, ambako kichwa kinene hulazimishwa kupita pasipo na nafasi. Kwa mtutu wa zamani jambo hilo ni la hatari. Viwanda vya Marekani vimekuwa vikiijaza risasi hiyo kwa nguvu ndogo kuliko vya Ulaya kwa kuihofia bunduki ya aina hiyo, ambayo mwenyewe hajui ni ya kipimo gani.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiri kuhusu ganda la .30-06, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni bunduki yako apime kipenyo cha mtutu kwa kupitisha ndani yake kipande laini cha madini ya risasi, na asome alama zilizochongwa juu ya chemba na chini ya mtutu. Alama ya S huonyesha kipimo kipya cha milimita 8.20, kwenye boksi za risasi za kisasa utaiona kama 8x57 IS au JS, na herufi I au J ikiwa peke yake huashiria kipimo cha zamani. Kama alama hazisomeki, mashaka yanatosha kuiacha bunduki ukutani mpaka ipimwe.

Kuhusu fundi wa hapa, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali, na kuligeuza ganda kisha kulijaza ni kutengeneza risasi, hata kama limefanyika kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba na kwa nia njema. Leseni yako ya kumiliki bunduki si leseni ya kutengeneza risasi. Zaidi ya hayo, ganda lililogeuzwa hubaki na maandishi ya kitakoni yale ya zamani. Afisa atakayekagua mzigo wako njiani kuelekea Longido atasoma .30-06 kwenye kitako huku karatasi zako zikisema 8x57, na hutakuwa na jibu fupi. Hatari ya pili ya maandishi hayo ni kubwa zaidi: mtu mwingine nyumbani mwako, au mnunuzi wa bunduki yako baadaye, ataamini maandishi. Risasi yenye kichwa cha milimita 8 ikiingizwa kwenye chemba ya .30-06, ambayo mtutu wake ni wa milimita 7.62, huwa imewekwa mahali pabaya kabisa, na maandishi ya uongo ndiyo yanayomwelekeza mtu huko.

Ushauri wangu ni kwamba uagize risasi za kiwandani za 8x57 kupitia muuzaji mwenye leseni, hata kama utasubiri. Kipimo hicho bado kinatengenezwa Ulaya kwa wingi kwa ajili ya wawindaji wa nguruwe mwitu na paa, nacho si kipimo kilichokufa. Kufinya maganda ni busara kwa bunduki ambayo hakuna kiwanda duniani kinachoitengenezea risasi. Bunduki yako haijafikia huko.

SWALI: Mhariri, mimi ni mtunza stoo wa kampuni moja ya uwindaji wa kitalii hapa Arusha. Baada ya masika tulifungua maboksi ya risasi ambazo hazijawahi kupigwa, tukakuta kadhaa zina nyufa ndefu shingoni. Stoo imepakana na chumba cha mbolea ya bustani, na nyuma yake kuna banda la kuku. Muuzaji anasema zilikuwa nzima alipotukabidhi. Tumlaumu nani?

JIBU: Ndugu yangu, mlaumu hewa ya stoo, na zisitumike risasi hizo hata moja. Ugonjwa huu unajulikana tangu karne ya 19. Jeshi la Waingereza nchini India lilikuwa likihifadhi risasi kwenye mabanda ya farasi wakati wa mvua za pepo za kusi, na likaona maganda yakipasuka yenyewe bila kuguswa na mtu. Ilichukua hadi mwaka 1921 kwa wanasayansi kulieleza vizuri. Amonia inayotokana na mkojo wa wanyama huishambulia shaba yenye zinki, hasa pale ambapo metali imebaki na mvutano ndani yake kutokana na kufinywa ikiwa baridi. Hewa ikiwa na unyevu, kazi huenda haraka. Stoo yako ina vyote vitatu: kinyesi cha kuku kinachotoa amonia, mbolea zenye amonia kama salfeti ya amonia, na unyevu wa Aprili chini ya Mlima Meru.

Jambo hili linahusiana na barua ya mzee wa Machame kwa namna ambayo huenda hukuitarajia. Viwanda hulegeza shingo ya ganda kwa moto kama mojawapo ya hatua za mwisho, na doa la rangi ya buluu na kahawia unaloliona shingoni mwa baadhi ya maganda mapya ni alama ya moto huo. Moto huondoa mvutano ulioachwa na kufinywa, na ganda lisilo na mvutano huwa na nafasi ndogo ya kupasuka hata likikutana na amonia kidogo. Ganda lililogeuzwa mezani kutoka kipimo kingine, bila kulegezwa, ndilo la kwanza kupasuka likihifadhiwa mahali pabaya.

Hamisha risasi kwenye chumba kikavu, mbali na mbolea na mifugo, kwenye makabati ya chuma yaliyofungwa kwa mujibu wa masharti ya leseni yenu. Waambie pia vijana wasizing'arishe kwa dawa za kusafishia shaba au vioo, kwani nyingi zina amonia. Ganda likififia rangi halipungukiwi na nguvu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo cha Mweka cha usimamizi wa wanyamapori. Tunafundishwa kwamba .375 H&H ni kipimo cha kawaida kwa wanyama hatari, lakini sijaelewa kwa nini ganda lake lina mkanda juu ya kitako wakati .416 Rigby haina. Je, mkanda unaongeza nguvu? Na inawezekana ganda la .375 kugeuzwa kuwa la .416 Rigby likikosekana?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkanda hauongezi nguvu, ingawa wauzaji wa bunduki walifaidika sana na watu waliodhani hivyo. Ganda lolote linatakiwa lisimame mahali pamoja ndani ya chemba, lisisogee mbele wala nyuma kati ya kitako na uso wa komeo. Maganda yenye ukingo mpana, kama .303 ya Waingereza, husimamishwa na ukingo huo. Maganda yasiyo na ukingo husimamishwa na bega. Kampuni ya Holland & Holland (H&H) ilipotoa .375 mwaka 1912 iliipa kiwiliwili chenye mteremko mrefu na bega la kulala ili iingie na kutoka kwa urahisi hata kwenye joto kali na vumbi. Bega la namna hiyo si tegemeo zuri la kulisimamisha ganda, ndipo mkanda ukapewa kazi hiyo.

Ganda hilo limezaa ukoo mkubwa. Mwaka 1925 lilitoka .300 H&H kwa kuifinya shingo. Mwaka 1956 Winchester walilifupisha na kulinyoosha kuta hadi likawa .458 Winchester Magnum lenye urefu wa milimita 63.5, kutoka milimita 72.4 za mama yake, kisha ikaja .338 mwaka 1958, 7 mm Remington Magnum mwaka 1962 na .300 Winchester Magnum mwaka 1963. Wote hao wana kitako kimoja cha kipenyo cha karibu milimita 13.5, kwa hiyo kwa mwenye kibali na vifaa, mmoja huweza kutengenezwa kutokana na mwingine aliye mrefu zaidi.

Mkanda, hata hivyo, huwaletea wajazaji shida ya aina yake. Kwa kuwa ganda limesimamishwa na mkanda, viwanda mara nyingi huacha nafasi ya ziada begani. Ganda hutanuka mbele kuijaza nafasi hiyo linapofyatuliwa, na likirudishwa kila mara kwenye kalibu hadi mwisho, ukuta wake juu ya mkanda huvutwa ukawa mwembamba. Mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu na mkanda ni dalili kwamba kitako kinajiandaa kuachana na kiwiliwili. Wazoefu hupitisha waya uliopindwa ncha ndani ya ganda na kuuburuta ukutani. Ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo hutupwa.

Kuhusu .416 Rigby, jibu ni hapana. Ilitolewa na kampuni ya John Rigby mwaka 1911 na kitako chake kina kipenyo cha karibu milimita 15, na ganda la .375 haliwezi kunenepeshwa kitako. Yupo ndugu mmoja aliyewahi kulikopesha: .460 Weatherby, lililotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kufuata umbile la ganda la Rigby na kuongezewa mkanda. Katika miaka ambayo maganda ya Rigby yalikuwa adimu, wawindaji waliukereza mkanda huo ukaisha, kisha wakalifinya ganda lirudi kwenye umbo la babu yake. Remington walipotaka .416 ya kwao mwishoni mwa miaka ya 1980 walipitia njia nyingine, yaani ukoo wa .375, na ndiyo maana .416 Remington ina mkanda nayo .416 Rigby haina. Vichwa vya risasi hizo mbili vina kipenyo kimoja, lakini risasi zenyewe hazibadilishani bunduki. Hilo ulishike vizuri siku utakapopokea wageni na mizigo yao kwenye Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA).

SWALI: Nimeona bunduki ya 9.3x62 kwa rafiki yangu wa Usa River. Je, ganda lake nalo hutoka kwenye .30-06? (Msomaji, Tengeru)

JIBU: Huweza kutoka. Otto Bock, fundi wa silaha wa Berlin, aliibuni mwaka 1905 kwa ajili ya wakulima na wawindaji waliokuwa katika makoloni ya Kijerumani barani Afrika, ambao walihitaji bunduki yenye uzito wa kumkabili nyati lakini isiyo na bei ya bunduki za Kiingereza zenye mitutu miwili. Alihakikisha risasi yake inatosha kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser, na kwa hiyo kitako chake hakitofautiani sana na cha 8x57 na .30-06. Shingo ya .30-06 hutanuliwa kutoka milimita 7.8 hadi 9.3, na katika kutanuka huko ganda hupungua urefu kidogo kuelekea milimita 62 linazotakiwa kuwa nazo. Ugumu uko begani: kiwiliwili cha 9.3x62 ni kinene zaidi pale juu kuliko cha .30-06, na ganda lililotanuliwa ovyo hubaki bila bega la kutegemea, likaingia chemba kupita kiasi na pini ikashindwa kuligonga sawasawa. Hulazimika kuachiwa bega la muda linalobana, na umbo kamili hupatikana linapofyatuliwa ndani ya chemba yenyewe kwa shinikizo dogo. Kwa kuwa risasi za kiwandani za kipimo hiki zinapatikana, rafiki yako hana sababu ya kuhangaika.

SWALI: Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, Unga Limited, Arusha. Mteja ameniletea ganda la bunduki ya zamani ya .303 na kuniomba nimkerezee mengine kumi kutoka kwenye fito ya shaba, kwa madai kwamba ya kufinya kutoka .30-06 hayawezekani. Mashine yangu inaweza. Nifanye?

JIBU: Usifanye, fundi. Mteja wako ana haki katika jambo moja tu: .303 ina ukingo wa karibu milimita 13.7 unaochomoza nje ya kiwiliwili, na .30-06 haina ukingo wa namna hiyo, kwa hiyo haifai kufinywa. Mengine yote yanakwenda kinyume naye. Ganda la kiwandani huanza kama kidonge cha shaba kinachogongwa na kuvutwa hatua kwa hatua, kikilegezwa kwa moto katikati ya hatua, hadi kitako kiwe kigumu, ukuta uwe na mnyumbuliko na shingo iwe laini. Ugumu huo unaopungua kutoka chini kwenda juu haupatikani kwa kukereza fito, ambayo ina ugumu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho na mara nyingi imechanganywa na madini ya risasi ili ikerezeke kwa urahisi, jambo linalopunguza uimara wake. Kwingineko wapo wanaokereza maganda ya bunduki za kale za baruti nyeusi zenye shinikizo dogo; .303 ya baruti isiyo na moshi si mojawapo.

Mbali na uhandisi, utakuwa umetengeneza sehemu ya risasi bila kibali, na karakana yako ndiyo itakayofungwa, si ya mteja. Mrudishie sampuli yake, na umwambie kwamba risasi na maganda ya .303 bado yanatengenezwa na viwanda vya nje na huagizwa na wauzaji wenye leseni. Kama anachotaka ni maganda ya kupamba kabati, mkerezee fito isiyotobolewa mahali pa kiwashio (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) na isiyo na uwazi wa baruti ndani, na kabla ya kuanza upate maelezo ya maandishi kutoka kituo chako cha Polisi kwamba mapambo ya namna hiyo hayana pingamizi.